Maji ya Mgeni

Nyumba ya Evance na Atupele, pale Tangini, Kibaha, ilitungiwa sheria Jumatatu jioni: kipindupindu kisitajwe mezani. Aliyeitunga ni Evance mwenyewe, na alikuwa na sababu. Yeye alikuwa afisa habari katika ofisi moja ya serikali hapo mjini, tena akikaimu; kazi anayo, kiti anacho, barua ya kuthibitishwa hana. Wiki ile alitakiwa aandike tamko la kamati ya dharura kuhusu ugonjwa uliozuka kule Marui, wilayani Kisarawe. Mkewe, mwalimu wa chuo aliyesomea vijidudu vya majini, alikuwa ameitwa na kamati hiyohiyo awe mmoja wa wataalamu watatu wa kuishauri. Barua yake ilisema ushauri huo uwe huru. Mtu na mkewe wakianza kunong'onezana juu ya sahani ya wali, alisema Evance, huo uhuru nani atauamini?

Eugenia, mama yake Evance, ambaye alikuja kutoka Bukoba kwa wiki mbili na sasa huu ulikuwa mwezi wake wa saba hapo nyumbani, aliisoma barua ile mara mbili.

"Huru maana yake hawakulipi?"

"Maana yake hawaniambii cha kusema, mama."

"Na hawakulipi."

"Na hawanilipi."

"Waitu," alishangaa Eugenia kwa Kihaya, akairudisha kwenye bahasha.

Sheria ilikuwa na tundu moja: haikumkataza mtu kuzungumza na mama. Kwa hiyo Jumanne asubuhi, wote watatu wakiwa wamekaa mezani, Atupele alisema, "Mama, mwambie mwanao tamko lisitoke kabla hatujajua chanzo."

"Mama," alisema Evance huku akipaka siagi kwenye mkate, "mwambie mkweo tamko lina siku yake. Alhamisi, saa nne kamili, waandishi wameshaalikwa."

Eugenia aliwatazama, mmoja kulia, mmoja kushoto. "Mmesikiana," alisema. "Mimi siyo posta."

Siku hiyohiyo kamati ilikwenda Marui kwa magari mawili, na Evance akiwa ndani. Alirudi jioni na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi, mtu wa kupiga pasi hata fulana za ndani, na kabla ya salamu alivua viatu vyake vipya akavifuta. Sheria aliiheshimu. Alichosema ni kimoja tu, tena kwa mama yake.

"Kule watu wana adabu, mama. Wana msiba, wana wagonjwa, lakini bado wanakukaribisha kwa sinia lenye kitambaa cha kufuma."

Alicheka, na mwanya wake ukaonekana. Mwanya huo ndio uliomponza Atupele miaka tisa iliyopita, na hata sasa, akiwa amemkasirikia, ulikuwa bado unamsumbua.

*

Kilichokuwa kinamkosesha Atupele raha kilikuwa karatasi moja. Ilikuwa orodha ya wagonjwa, majina ishirini na matatu, wawili kati yao wamekwisha zikwa. Wote walikuwa wamehudhuria arobaini ya marehemu Mzee Mwinyijuma, Jumamosi iliyopita, katika kitongoji kimoja cha Marui. Jumapili wakaanza kuharisha. Kamati ilikiona kisima cha kitongoji, kisima cha siku nyingi chenye ukingo wa mawe, ikarudi imeridhika kwamba mkosaji amepatikana. Kifukiwe, na wananchi wapelekewe maji ya boza.

Tatizo ni kwamba kisima kile kilikuwa kinatiwa dawa kila wiki, na sampuli aliyoipima Atupele Jumatatu ilikuwa safi. Tena orodha yenyewe ilikuwa na kituko. Alikaa nayo barazani, akaipitia kwa kalamu mara ya tatu.

"Mlandizi. Mbagala. Kisarawe mjini. Vikindu. Mlandizi tena," alisoma kwa sauti. "Mama, hebu niambie. Watu mia mbili wanakula shughuli moja. Wanaougua, ishirini na mmoja wametoka mbali. Wenyeji ni wawili tu. Wapishi wazima, majirani wazima, mjane mwenyewe mzima. Kisima gani hiki kinachobagua?"

Eugenia alikuwa anachambua maharage. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akacheka peke yake.

Atupele hakucheka. Alichukua rula, akachora safu mpya pembeni mwa orodha, na juu yake akaandika: *mgeni au mwenyeji*. Hakujua bado ataifanyia nini, lakini alihisi lile joto dogo analolijua tangu utotoni, la kutaka kujua kitu mpaka usingizi ukimbie.

Simu iliita. Alikuwa Dokta Hashiru, mstaafu, mkuu wa wale wataalamu watatu.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Nimeletewa rasimu ya tamko. Sikiliza: *Kwa mujibu wa ushauri wa wataalamu huru, kisima kitafukiwa.* Wewe umeshauri hivyo?"

"Hapana. Tuliandika kwamba hatujajua, wasubiri."

"Ndivyo ninavyokumbuka na mimi, nikadhani uzee umeniingia. Sasa mwanangu, sisi tunashauri, wao wanaamua. Hilo silipingi. Wakitaka kufukia kisima wafukie kwa jina lao. Lakini wakisema tumeshauri tusichoshauri, hapo hakuna uamuzi tena, hapo pana uongo. Nimempigia Bwana Seifu, katibu wa kamati. Ameniambia serikali haisemi labda."

"Inasema nini ikiwa haijui?"

"Hilo nimemwuliza, akakata simu." Mzee alikohoa. "Nenda Marui kesho. Mimi magoti hayaniruhusu. Kauchunguze huo ubaguzi."

*

Nuria, afisa afya wa kata, ndiye aliyempeleka kwa mjane. Alikuwa binti mdogo, amechoka, buti zake nyeupe kwa chokaa. Njiani alieleza jinsi alivyohangaika na watu wale mwaka mzima: kila nyumba ina ndoo yenye koki, kila ndoo ina kidonge cha dawa, watoto wananawa mpaka anaona aibu kuwasifia.

"Halafu kamati inakuja inaniambia kisima changu ndicho kinachoua," alisema. "Mbele ya wananchi, dada. Bwana Seifu kaninyooshea kidole kama mwanafunzi. Nimelia kwenye shamba la mihogo."

Bibi Mwamini aliwapokea uani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye khanga za eda na macho yasiyolala. Tangu Jumapili hakuna aliyenunua mihogo yake, na watoto waliokuwa wakipita uani kwake kwenda shule sasa walizunguka kwa nyuma.

"Shikamoo, bibi. Pole kwa msiba, na pole kwa haya."

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa. Karibuni mkae. Zawadi! Wageni hawa!"

Mjukuu wake Zawadi, msichana wa miaka kumi na tano hivi, alitoka ndani na sinia. Juu yake palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa glasi mbili za maji yaliyotulia vizuri. Atupele alipokea glasi yake kwa mikono miwili, kisha akabaki nayo. Tangu Jumatatu amesema redioni watu wasinywe maji ambayo hawajui yametiwa dawa. Na hapa mjane wa watu, ambaye kijiji kizima kimemkimbia, anamtazama mdomo.

Aliisogeza glasi karibu na pua, kama anayetaka kunywa. Haikunuka kitu.

Nyuma ya bibi, Zawadi alifungua koki ya ndoo, akakinga kikombe cha plastiki, akanywa mwenyewe. Upepo ulikuwa unatoka huko, na harufu ya dawa ikamfikia Atupele waziwazi.

"Bibi," alisema polepole, "mbona maji yangu hayanuki dawa, na ya Zawadi yananuka?"

Bibi Mwamini alishtuka, akamtazama Nuria, kisha akamrudia yeye kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto adabu.

"Mwanangu we, mgeni hapewi maji ya dawa. Yale yananuka. Yale ni ya kwetu sisi, tumezoea, mwalimu wetu Nuria katufundisha. Lakini mgeni atoke Mbagala huko na kiu yake, nimpe maji yanayonuka kama choo cha hospitali? Atasema nimemtukana. Mgeni tunamwekea yake. Hayo ni ya Ruvu, ya boza. Matamu."

Nuria alikuwa amesimama. "Bibi, hayo yako wapi?"

Bibi alionyesha kwa kidevu. Kwenye kona ya ua, chini ya mwembe mchanga, palikuwa na simtanki jeusi la kuazima.

"Siku ya arobaini lilikuwa hilohilo?" aliuliza Atupele.

"Hilohilo. Lilijaa. Tukasema wageni wasipate tabu."

"Na wapishi?"

"Wapishi wa nini na maji ya mgeni? Wapishi na sie wa nyumbani tumekunywa ya ndoo. Pilau limepikwa kwa maji ya kisima."

Atupele aliweka glasi chini kwa uangalifu, akafungua mkoba, akatoa orodha. Alikuwa na furaha ya mtu anayekaribia jibu. Aliona haya kwa furaha yake ile, lakini ilikuwepo.

"Kuna wenyeji wawili humu, bibi. Mzee Abdala."

"Kaka yangu. Huyo mwenyeji kwa jina tu. Kakaa Mbagala miaka arobaini, karudi mwezi uliopita. Alipewa kwenye sinia."

"Na Ashura, mke wa Ally."

"Yule bibi harusi? Siku ile alikuwa hajamaliza wiki tangu aletwe. Bibi harusi ndani ya saba ni mgeni, hata ufagio hashiki." Maneno yake mwenyewe yalikuwa yanamrudia moja moja. Aliiangalia glasi chini, akaliangalia simtanki, na mkono wake ukapanda mdomoni.

"Ina maana nimewaua," alisema. "Nimewapa heshima, kumbe nimewaua."

Atupele alimshika mabega. Alitamani kumwambia siyo, lakini alikuwa mtu aliyelipwa, au tuseme hakulipwa, kwa kusema kweli. "Bado sijui, bibi. Nachukua maji haya nikayapime, majibu ni Ijumaa. Nikipata ninachodhani, aliyekosea ni aliyekuuzia. Alikwambia ya Ruvu?"

"Alisema ya Ruvu."

Ruvu ipi, ya bomba au ya mtoni, hakuna aliyeuliza. Nuria alikaa kwenye kinu kilichoinamishwa, akasema kwa sauti ndogo, "Nimewafundisha kila kitu kuhusu maji yao. Wageni sikuwaza hata siku moja."

"Na jana je?" aliuliza Atupele ghafla. "Kamati ilipokuja?"

"Niliwapa wote," alisema bibi. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa. "Yule mkubwa wao alikataa, alikuja na chupa yake. Wengine walionja tu. Ila yule kijana mrefu, mwenye mwanya. Alimaliza, akaniambia bibi ongeza."

*

Alimpigia akiwa bado uani.

"Jana ulikunywa maji hapa?"

"Atupele, tulikubaliana kwamba—"

"Evance. Ulikunywa?"

"Glasi mbili. Kwani nini? Maji mazuri, hayana harufu." Kisha, kwa sauti nyingine: "Kwani nini?"

Jioni ile sheria ilikufa bila mazishi. Evance alikuwa mzima, na alisema hivyo kila baada ya dakika kumi. Atupele alikoroga pakiti ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, kwenye jagi, akaliweka mbele yake, akamweleza yote, kuanzia orodha mpaka bibi harusi. Evance alisikiliza akiwa ameegemea mbele. Atupele alipofika kwa kaka wa Mbagala, Evance alipiga paja.

"Kwa hiyo hata mzee wa watu kwao ni mgeni! Na una uhakika?"

"Sina. Nadhani sana, lakini sina. Niliyoyaona nimewaandikia kamati saa nane. Nimejibiwa neno moja: *imepokelewa*."

"Maboza matatu yameshaagizwa. Kesho mchana yanakwenda Marui."

"Yametoka kwa nani?"

Evance alivua saa yake, akaivaa tena. "Kwa mtu huyohuyo aliyemwuzia bibi. Ndiye mwenye maboza."

Eugenia aliacha kutafuna.

"Basi lifute hilo tamko," alisema Atupele.

"Nilifute mimi? Mimi ni nani? Nimekaimu miaka miwili, Atupele. Kila mwisho wa mwezi namsalimia Seifu mpaka mgongo unauma. Nikimpelekea tamko lenye labda, Jumatatu ananitafutia kituo ambacho hata mtandao hakuna. Na ataniuliza nimeyajua wapi hayo. Kwa mke wangu?"

"Yako kwenye barua yetu. Isome."

"Nitaisoma," alisema Evance. Hakuisoma. Alipiga pasi shati la Alhamisi, akalitundika mlangoni.

*

Tumbo lilimkamata alfajiri, kabla ya adhana. Kufikia saa moja alikuwa amekwenda chooni mara tisa, na mara ya mwisho hakuwahi. Mama yake alimwona. Mtu mzima mwenye ofisi, amesimama ukumbini na bukta iliyolowa, analia kwa aibu kuliko kwa maumivu. Eugenia alimvua, akamwosha kama alivyomwosha miaka thelathini na nane iliyopita.

Kambi ya wagonjwa ilikuwa mahema mawili nyuma ya zahanati, hapohapo Kibaha. Walimlaza kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati na ndoo chini yake, wakamtundikia dripu mikono yote miwili. Muuguzi alisimama na fomu.

"Unatoka wapi?"

"Tangini."

"Umekunywa maji ya kisima cha Marui?"

"Hapana," alisema Evance, midomo imekauka. "Sikukisogelea hata. Nilikuwa na viatu vipya."

Saa mbili na nusu, gari la Bwana Seifu liliegesha nje ya utepe. Alikuwa amevaa suti. Alilitazama sponji lenye dawa ambalo kila anayeingia hulikanyaga, akaamua kubaki upande ule.

"Dada, pole sana," alimwambia Atupele. "Lakini nahitaji laptop ya ofisi. Tamko limo humo."

"Barua yetu umeisoma, Bwana Seifu?"

"Nimeisoma. Na sasa, kwa heshima, ina kasoro. Mumeo ni mgonjwa. Ushauri wako siyo huru tena. Una masilahi."

Neno lile lilimchoma, maana lilikuwa na chembe ya haki. Atupele alikuwa ameishika orodha tangu alfajiri. Mstari wa ishirini na nne ulikuwa na mwandiko wake: *Evance. Tangini. Mgeni.*

"Basi mtoe," alisema, akakata jina la mumewe kwa kalamu mbele ya macho yake. "Haya, soma waliobaki. Wote ishirini na watatu walipewa maji kwenye sinia. Hakuna hata mmoja aliyekunywa ya ndoo. Orodha inasema vilevile bila yeye."

"Majibu ya maabara?"

"Kesho."

"Kwa hiyo ni labda."

"Ni labda. Ndiyo maana hatukushauri mfukie, na ndiyo maana tunaomba msipeleke maboza. Kusubiri siku moja hakumwui mtu. Maboza huenda yakaua."

Bwana Seifu alitazama saa. Uso wake haukuonyesha kwamba ameshawishika. Hapo sauti nyembamba ikatoka hemani.

"Bosi."

"Evance, pumzika."

"Bosi, saa nne waandishi wakifika, swali lao la kwanza mimi ninalijua. Nawajua wale." Alipumua. "Watauliza, afisa habari wako yuko wapi? Halafu watauliza, amekunywa nini?"

Ndege walisikika, na ndoo chini ya kitanda ikasikika pia. Bwana Seifu alitoa kitambaa akajifuta paji la uso. Sayansi ilikuwa imegonga kwake siku tatu bila kufunguliwa, lakini swali hili lilijua mlango wa nyuma.

"Unaweza kuandika?" aliuliza hatimaye.

"Siwezi. Naweza kusema, mke wangu aandike."

"Hapana," alisema Atupele. "Mimi nashauri tu. Mama ataandika."

Ndivyo ilivyokuwa. Eugenia alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akaandika tamko la serikali nyuma ya fomu ya zahanati, kwa mwandiko wa shule ya misheni, na kila sentensi alimrudishia mwanawe aithibitishe. Lilisomwa saa sita badala ya saa nne, nalo lilikuwa fupi. *Chanzo bado hatujakijua kwa uhakika. Wataalamu wameshauri tusubiri majibu ya vipimo, nasi tumekubali. Kisima hakitafukiwa. Maboza yamesimamishwa. Maji yote, ya kisima, ya bomba na ya kununua, yatiwe dawa. Na mgeni apewe maji yaleyale anayokunywa mwenyeji.*

Sentensi ya mwisho Bwana Seifu alitaka kuifuta, akisema haina hadhi ya kiserikali. Eugenia alimwangalia tu.

Ijumaa maabara ilithibitisha yaliyokuwa ndani ya simtanki. Mwenye maboza alikamatwa, akaachiwa, akakamatwa tena. Barua ya Evance ya kuthibitishwa haikuja mwezi ule, wala uliofuata.

*

Eda ilipokwisha, Bibi Mwamini alipanda gari na Zawadi hadi Tangini, na kikapu cha korosho alizozikaanga mwenyewe. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, hataki kuegemea. Evance alikuwa amepona, ingawa kola ya shati ilimzidi shingo. Aliinama akamwamkia, na bibi akaushika mkono wake kwa muda mrefu.

"Mwanangu, nimekuja kukutazama kama una damu. Usiku silali. Naiona ile glasi ya pili."

"Nilikuomba mwenyewe, bibi."

"Ningekunyima! Ningesema yamekwisha!"

Eugenia aliinuka akaingia jikoni. Walimsikia akihangaika kabatini, kisha koki ya ndoo ikafunguliwa. Alirudi na sinia, na juu ya sinia kitambaa cha kufuma alichokuja nacho kutoka Bukoba na ambacho hakuwahi kukitumia, na juu yake glasi moja. Harufu ya dawa iliingia sebuleni kabla yake.

"Karibu maji, dada yangu," alisema. "Yananuka. Ndiyo tunayokunywa sisi."

Bibi Mwamini aliipokea kwa mikono miwili. Aliinusa, akafumba macho, akanywa yote bila kupumzika, uso umemkunjamana kama anayekunywa mwarobaini. Alishusha glasi kifuani, akawatazama mmoja mmoja, akaishia kwa yule kijana mwenye mwanya.

Kisha akamnyooshea Eugenia glasi.

"Ongeza," alisema.